Mtungi na Mafiga Matatu

Historia ya yakuti za Tunduru husimuliwa kwa rangi na bei. Mimi naifuata jikoni. Katikati ya miaka ya 1990, habari za vito vya Mto Muhuwesi zilipoenea, watu walifurika na kambi zikachipuka porini kama uyoga. Walipika kwa mawe matatu na kuni za miombo. Jiko hilo halikuwa na mzigo: kambi ikihama, mawe yanabaki.

Gesi ingewafaa. Huwaka papo hapo hata kuni zikiwa zimelowa, haiumizi macho wala kifua, na haikati mti. Propani hugeuka mvuke hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa joto la Tunduru, mchanganyiko wenye butani unatosha kabisa.

Lakini gesi ya kilo 6 hubebwa pamoja na chuma chake, na ikiisha ni safari ya mjini. Haiachi makaa ya kuota usiku. Tena mchimbaji hupata fedha jiwe likionekana. Muuza gesi hulipwa kwanza.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Kugawa majiko ni hatua ya kwanza tu. Kambini, swali litakuwa nani ataufikisha mtungi wa pili, na kama atakubali kulipwa baadaye.