Kichwa Kilichogeuzwa Ukutani

Ukiwa Kosele, Nyanza nchini Kenya, kaskazini upande wa Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa la magadi lililo duara kama sufuria, ambalo wenyeji husema zamani lilikuwa kijiji. Bibi kizee alifika usiku wa karamu, akaomba chakula na pa kujistiri, akafukuzwa; kulipokucha, watu, mifugo na mitungi yao ya pombe vilikuwa chini ya maji. Ukielekea magharibi mpaka Gwassi, unafika Nyandiwa, ambako mvuvi Nyamgondho mwana wa Ombare alimnasa kikongwe wavuni, akamchukua nyumbani, akatajirika kwa ng'ombe, kisha siku moja akamtukana akiwa amelewa. Kikongwe akashika njia ya ziwani na ng'ombe wote wakamfuata. Huko Kanyamwa nako ndiko kwao Gor Mahia, mganga aliyesifika kwa kujigeuza umbo lolote alitakalo. Klabu ya mpira iliyoanzishwa 1968 ina jina lake, na sijasikia shabiki akiona ajabu yoyote hapo.

Nimeanza na haya kwa sababu ugomvi kuhusu ubaguzi wa rangi katika hadithi za ajabu na za kisayansi husimuliwa kana kwamba ulizuka Marekani juzi, na sisi huku ni watazamaji tu. Huku majibu yalianza mapema zaidi.

Kwanza kilichojibiwa. Rider Haggard, Mwingereza, alitoa King Solomon's Mines mwaka 1885 na She mwaka 1887. Katika hiyo ya pili wazungu wanashuka pwani ya mashariki ya Afrika na kumkuta barani malkia mweupe asiyezeeka akitawala wenyeji. Mwaka 1912 akaja Tarzan wa Edgar Rice Burroughs, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Mgawanyo wa kazi katika vitabu hivyo ni ule ule: maajabu yako kwetu, ila mwenye kuyagundua, kuyaogopa kwa heshima na kuyasimulia ni mgeni. Sisi tumebeba mizigo.

Mwaka 1938 vitabu viwili vilitoka ambavyo sioni vikitajwa pamoja. Jomo Kenyatta alichapisha Facing Mount Kenya akiwa London. Chifu wa Karachuonyo, Paul Mboya, muumini wa Kisabato, alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha mila na desturi za Wajaluo kilichoandikwa kwa Dholuo. Kenyatta alikuwa akiwajibu wasomi wa Ulaya kwa lugha yao. Mboya hakuwa na habari nao. Alikuwa akiongea na watu wa nyumbani. Kwangu mimi jibu la Mboya ndilo gumu zaidi, maana halimwombi mgeni hata nafasi ya kumsikiliza.

Kisha akaja Grace Ogot, mzaliwa wa 1930, muuguzi kwa taaluma, aliyelelewa kwa sigana, yaani hadithi, za nyanya yake. Hadithi yake maarufu ni ya Oganda, binti wa chifu anayetolewa kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Mama huyu aliwahi kueleza kwamba alipopeleka hadithi zake East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji la enzi ya ukoloni, walishindwa kuelewa mwanamke Mkristo anaandikaje kuhusu kafara na dawa za kienyeji badala ya wokovu. Hebu itazame meza ile. Upande mmoja kuna msimamizi anayejua fika kwamba Haggard anauzwa madukani, tena pamoja na malkia wake asiyezeeka. Upande wa pili kuna mama mwenye zimwi lake mwenyewe, naye anaambiwa halimfai. Zimwi hilo likapata pa kulala Nigeria, katika jarida la Black Orpheus, mwaka 1963.

Mwaka 1966 akatoa riwaya, The Promised Land. Ochola na mkewe Nyapol wanahama Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi, jirani mwenye wivu anamroga Ochola, na mwili wake unaota vitu kama miiba. Daktari mzungu anashindwa, mganga anafaulu. Ogot hamwelezi msomaji kama uchawi ni kweli au ni imani tu. Miiba ipo, inauma, basi.

Sasa ruka hadi 1988. Mike Resnick, mzungu wa Marekani aliyeipenda Kenya na kuitembelea mara nyingi, alichapisha hadithi fupi "Kirinyaga". Wakikuyu wamehamia dunia ndogo iliyotengenezwa angani ili waishi kama mababu zao. Msimulizi ni Koriba, mundumugu, yaani mganga, aliyesoma Cambridge na Yale, na kisa kinatokana na yeye kumuua mtoto mchanga aliyezaliwa akitanguliza miguu. Hadithi ilishinda tuzo ya Hugo mwaka 1989. Resnick si Haggard. Koriba wake ana akili na hoja nzito. Kinachonikera ni kwamba hata tukipelekwa angani tunapelekwa kama makumbusho, na anayeshika funguo ni mwingine.

Mwandishi Mkenya Binyavanga Wainaina alilicheka jambo hilo lote mwaka 2005 katika makala yake kuhusu namna ya kuandika juu ya Afrika, na kejeli yake ilisambaa kuliko malalamiko yoyote. Mkenya mwenzake Wanuri Kahiu naye hakucheka wala hakulalamika. Mwaka 2009 alitengeneza Pumzi, filamu fupi kuhusu Afrika Mashariki ya baadaye iliyoishiwa maji.

Kule Marekani mambo yakaishia kwenye kichwa, na nasema kichwa kweli. World Fantasy Award, tuzo iliyoanza 1975, ilikuwa sanamu ya kichwa cha mwandishi H. P. Lovecraft, kirefu, cha rangi ya kijivu, macho yametumbuka. Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alikipata mwaka 2011 kwa riwaya yake Who Fears Death. Rafiki yake akamtembelea, akakiona, akamuuliza kichwa cha mbaguzi yule kinafanya nini nyumbani kwake. Ndipo akajua kwamba Lovecraft aliwahi kutunga shairi la kuwadhalilisha watu weusi. Okorafor alipowauliza wenzake waliowahi kushinda, Mwingereza China Miéville alimwambia kwamba chake alikigeuza kikatazama ukutani.

Mwaka 2014 mshindi alikuwa Sofia Samatar, binti wa mwanahistoria Msomali Said Samatar. Riwaya yake A Stranger in Olondria aliiandika alipokuwa akifundisha Sudan Kusini. Alisimama, akashukuru, na kabla hajaketi akalitaja suala la sanamu ile mbele ya wote. Novemba 2015 ikatangazwa kwamba Lovecraft anastaafishwa, na baadaye sanamu mpya ikawa mti uliokumbatia mwezi. Januari ya mwaka huo huo Jalada, kundi la waandishi lililoundwa Nairobi, lilikuwa limetoa toleo zima la hadithi za Afrika ya baadaye. Machi, Grace Ogot akafariki. Sina hakika ni wangapi katika hao vijana wa Jalada waliokuwa wamesoma kuhusu miiba ya Ochola.

Nimebakisha neno moja, nalo si tamu. Gwassi ni nchi ya Wasuba, watu wa asili ya Kibantu ambao wengi wao sasa huongea Dholuo. Kisa cha Nyamgondho leo kinasimuliwa kwa Dholuo, kinaitwa cha Wajaluo, na nimeshakiita hivyo mwenyewe darasani bila kusita. Hakuna mzungu aliyetuamuru. Kwenye kisiwa cha Mfangano kuna redio, Ekialo Kiona, inayojaribu kukirudisha Kisuba midomoni mwa watu.

Mara ya mwisho nilipokuwa Kosele nilimwomba mzee mmoja anisimulie Simbi, akanisimulia vizuri, na nyimbo zake zote. Nikamwomba na Nyamgondho.

"Hiyo mwanangu ni ya Gwassi," akasema. "Panda gari uende ukawaulize wenyewe."