Misa Iliyojengwa Juu ya Kanda: Kazi za David Fanshawe na Sauti za Eneo la Ziwa Victoria

Katika orodha ya misa zilizotungwa na Wazungu katika karne ya 20, African Sanctus ya David Fanshawe ina nafasi ya pekee, kwa kuwa ndani yake kwaya ya Kiingereza huimba maneno ya Kilatini huku kanda ikicheza sauti halisi za Waacholi wa Uganda, Wasudani, Wamisri, na za Waluo, Waturkana na Wamaasai wa Kenya. Msikilizaji wa Kakamega, magharibi ya Kenya, ana sababu ya karibu ya kuichunguza kazi hiyo. Ngoma ya mazishi ya Waluo iliyomo humo ni ya jirani kabisa, na maswali inayoyazua kuhusu nani hasa aliyetunga nini yanaihusu vilevile isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho.

Fanshawe alizaliwa Paignton, katika jimbo la Devon, tarehe 19 Aprili 1942. Alikuwa na disleksia, yaani hali inayomfanya mtu mwenye akili timamu asome maandishi kwa shida, na hali hiyo ilimsumbua tangu shuleni, ambako muziki aliupokea kwa masikio zaidi kuliko kwa macho. Alipomaliza shule alifanya kazi ya kuhariri filamu za kumbukumbu, kazi iliyomfundisha kukata na kuunganisha vipande vya ukanda, na ni mwaka 1965 tu ndipo alipoingia Royal College of Music mjini London, akawa mwanafunzi wa mtunzi John Lambert. Mambo hayo mawili, sikio lililozoea kujitegemea na mkono uliozoea mkasi wa mhariri, yanaeleza mtindo wake vizuri kuliko somo lolote alilofundishwa chuoni.

Kazi zake zikiorodheshwa pamoja huonekana kama za watu kadhaa. Aliandika Salaams, iliyotoka mwaka 1970 na kuchota msukumo wake kwa nyimbo za wapiga mbizi wa lulu wa Bahrain. Alitunga muziki wa filamu ya Tarka the Otter na wa mfululizo wa televisheni wa Flambards, zote za mwaka 1979. Na wimbo wa kienyeji wa kaskazini mwa Uingereza aliupangia sauti upya kwa ajili ya mfululizo wa When the Boat Comes In, hata ukajulikana katika nyumba nyingi za Uingereza. Kuanzia mwaka 1978 alizunguka visiwa vya Bahari ya Pasifiki na kutumia miaka mingi akirekodi nyimbo za huko. Muziki wa televisheni ulimpa riziki na watazamaji wengi, lakini hauna mengi ya kumweleza mwanahistoria wa Afrika Mashariki. Hazina iko katika safari za bara Afrika.

Safari hizo alizifanya kati ya mwaka 1969 na 1973, akiwa na kinasa sauti cha kubebeka, akifuata Mto Nile kutoka pwani ya Misri hadi Ziwa Victoria. Njia yake ilipochorwa kwenye ramani ilipata umbo la msalaba: mstari mmoja uliufuata Nile kutoka kaskazini hadi kusini, na wa pili ulikatiza Sudan kutoka milima ya Marra upande wa magharibi hadi vilima vya Bahari ya Shamu upande wa mashariki. Fanshawe, aliyekuwa Mkristo, aliuona msalaba huo kama kiunzi cha kazi nzima, akaamua kuutia ndani yake muziki wa Waislamu, wa Wakristo na wa wafuasi wa dini za asili, kwa imani kwamba sala zote hizo zinaelekea kwa Mungu mmoja. Ndiyo maana sehemu ya Bwana Utuhurumie imeunganishwa na adhana iliyorekodiwa mjini Cairo, mwadhini na kwaya wakisikika kwa wakati mmoja bila mmoja kumnyamazisha mwenzake.

Ufundi wa kazi hiyo unastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa humo ndimo upya wake ulimo. Watunzi wa Ulaya waliovutiwa na muziki wa mataifa mengine walizoea kuusikiliza, kuuandika kwa nota, kisha kuugawia ala zao wenyewe, hivi kwamba mwimbaji wa kwanza alitoweka kabisa. Fanshawe aliiacha kanda ilivyo. Aliandika sehemu za kwaya, za waimbaji wa soprano, za piano, kinanda, magitaa na ngoma, zote zikizunguka kile kilichokwisha kunaswa. Matokeo yake ni kwamba kanda haibadilishi mwendo kumfuata mwongozaji wa kwaya, bali mwongozaji huifuata kanda, na kwaya nzima hulazimika kutafuta kimo cha sauti walichochagua waimbaji waliokuwa uwanjani Uganda au Sudan siku ile ya kurekodiwa. Katika Mtakatifu, sehemu iliyoipa kazi jina lake, mwendo unatolewa na bwola, ngoma ya kifalme ya Waacholi, na wanakwaya wa London hawana budi kuufuata. Kwa hesabu ya muziki, basi, Waacholi ndio wanaoongoza.

Mahali ambapo njia hii imefaulu kuliko kwingine ni katika sehemu ya kusulubiwa kwa Kristo. Fanshawe aliweka hapo wimbo wa kuomba mvua wa Latigo Oteng, mwanamuziki wa Kiacholi, pamoja na ngurumo za mvua yenyewe, halafu akaiacha kwaya iingie polepole juu ya sauti hiyo ya mtu mmoja. Ombi la mvua na kifo cha msalabani ni mambo ya mbali, lakini yamekutana bila kulazimishwa, kwa sababu mtunzi alijua kunyamaza pale ambapo mwimbaji alikuwa amekwisha kusema yote.

Ngoma ya mazishi ya Waluo haikupata heshima kama hiyo. Imewekwa karibu na mwisho, pamoja na wimbo wa Wamaasai wa kukamulia maziwa na wimbo wa Waturkana wa ng'ombe, kila kimoja kikisikika kwa muda mfupi kisha kikapisha kingine. Anayejua mazishi ya magharibi ya Kenya ataona kasoro mara moja. Kwa Waluo, kama ilivyo kwa majirani zao Waisukha na Waidakho ambao huipiga isukuti msibani, ngoma ya matanga ni kazi inayofanywa kwa ajili ya marehemu fulani, yenye watu wake, saa yake na mpangilio wake, na ikitenganishwa na marehemu huyo hubaki mdundo mtupu. Isukuti yenyewe hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga za chuma, na kila tukio, liwe la kuzaliwa, la ndoa au la kifo, lina nyimbo zake. Ngoma ya namna hiyo haiwezi kueleweka kwa kipande cha dakika moja, hata kingewekwa kwa nia njema kiasi gani.

African Sanctus iliimbwa kwa mara ya kwanza na kwaya ya Saltarello katika ukumbi wa St John's, Smith Square, London, mwezi Julai 1972, na mwaka uliofuata ikarekodiwa kwa ajili ya santuri ya kampuni ya Philips. Mwaka 1975 BBC ilionyesha filamu iliyoifuata upya safari ya mtunzi. Katika miaka ya 1990 kazi hiyo ilirekodiwa tena ikiwa na sehemu mpya ya kuomba amani. Wimbo wake wa sala ya Baba Yetu, ambao hautegemei sana kanda bali una melodia rahisi ya kukumbukwa, umekuwa ukiimbwa peke yake na kwaya nyingi.

Afrika Mashariki na Kati zilikuwa tayari na majibu yao kwa swali la misa ya Kiafrika. Mwaka 1958, huko Kamina nchini Kongo, padri Mbelgiji Guido Haazen na kwaya yake ya vijana walitoa Missa Luba, ambamo Waafrika wenyewe waliimba Kilatini kwa mitindo ya kwao, na kwaya ya taifa ya Kenya, Muungano, chini ya Boniface Mganga, ilikuja kuirekodi misa hiyo pamoja na nyimbo za kienyeji za Kenya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, ulifungua mlango wa lugha za wenyeji ibadani, na ngoma zikaingia makanisani. Tofauti ni kubwa. Katika Missa Luba mwimbaji wa Kiafrika anaijua misa anayoiimba, ilhali katika African Sanctus waliorekodiwa walikuwa wakiomba mvua, wakicheza au wakizika, na misa ilijengwa baadaye juu yao.

Sambamba na misa hiyo, rekodi za Fanshawe zilitolewa pia bila kuongezewa chochote. Mwaka 1975 kampuni ya Nonesuch ya Marekani ilichapisha santuri mbili za muziki wa ibada, wa sherehe na wa kienyeji wa Afrika Mashariki aliourekodi. Kwa mtafiti wa urithi wa magharibi ya Kenya santuri hizo zina thamani kubwa kuliko misa yenyewe, kwa kuwa zimehifadhi miaka ya mwanzo baada ya uhuru, kabla redio na kaseti hazijabadilisha sana ngoma za vijijini. Uharaka wa jambo hili ulidhihirika mwaka 2014, pale UNESCO ilipoiingiza isukuti katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa haraka, wapigaji wake wengi wakiwa wamezeeka na vijana wanaowarithi wakiwa wachache.

Mfano wa kufuatwa katika kuzirudisha rekodi kwa wenyewe upo. Hugh Tracey, aliyezunguka Kenya mwaka 1950 akirekodi, aliwanasa Wakipsigis wakiimba wimbo wa Chemirocha, na baada ya miaka 65 maktaba aliyoianzisha Afrika Kusini, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha rekodi hizo kijijini, ambako baadhi ya waliorekodiwa walipatikana wakiwa hai. Mwaka 2016 Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayoitambua jamii kuwa mwenye haki juu ya ngoma zake. Kanda za Fanshawe zilinaswa zaidi ya miaka 40 kabla ya sheria hiyo, na waliokuwa vijana wakati huo sasa ni wazee wenye umri wa kuzidi miaka 70. Nakala za kanda hizo zikifikishwa mapema Siaya kwa Waluo, Lodwar kwa Waturkana na Gulu kwa Waacholi, wazee hao bado wanaweza kutaja ni nani aliyekuwa akiimba, ni wimbo gani, na ni mazishi ya nani.