Trivial Pursuit

Trivial Pursuit ni mchezo wa ubaoni wa maswali na majibu unaopima maarifa ya jumla. Ulibuniwa mjini Montreal, Kanada, Desemba 1979 na wanahabari wawili, Chris Haney na Scott Abbott, na ukaanza kuuzwa mwaka 1981. Mwaka 1984 pekee ziliuzwa seti zipatazo milioni 20 Amerika Kaskazini.

Mchezaji hurusha dadu, husogeza kete yake kwenye njia yenye umbo la gurudumu, kisha hujibu swali la rangi aliyoangukia. Katika toleo la awali buluu ni jiografia, waridi burudani, njano historia, kahawia sanaa na fasihi, kijani sayansi na viumbe, na chungwa michezo na starehe. Mshindi ni anayekusanya vipande vya rangi zote sita, akarudi katikati ya ubao na kujibu swali la mwisho.

Kesi maarufu zaidi kuhusu mchezo huu ilifunguliwa mwaka 1984 na Fred Worth, mtunzi wa vitabu vya maarifa ya jumla. Worth alikuwa amepachika kitabuni jibu la uongo kwa makusudi ili awanase wanaonakili: kwamba mpelelezi Columbo wa televisheni aliitwa Philip. Jibu hilo lilionekana kwenye kadi za mchezo. Hata hivyo, mahakama za Marekani zilimkatalia, kwa kuwa hakimiliki hailindi taarifa zenyewe.

Hasbro ilinunua haki za mchezo mwaka 2008 kwa dola milioni 80.