Kabla Tuitishe Kampuni Nyingi za Stima, Tuangalie Texas

Kila stima ikipotea mtaani, lazima kuna mtu atasema, "Si walete kampuni ingine tu, hawa wametuzoea." Mimi naelewa hiyo hasira. Kukaa na muuzaji mmoja miaka nenda miaka rudi hakumsaidii mteja. Lakini ushindani wa stima una historia, na waliotutangulia walijifunza kitu kimoja kwa uchungu: kampuni zikiwa nyingi, kazi ya serikali ya kulinda bili yako haiishi. Inaongezeka.

Kwanza tuelewane. Watu wengi hudhani ushindani wa stima utakuwa kama wa simu, kila kampuni na minara yake. Haiko hivyo. Hakuna mtu atasimamisha nguzo za kampuni tatu nje ya ploti yenu. Nguzo, nyaya na transfoma hubaki kwa kampuni moja, na ada ya kuzitumia huendelea kuwekwa na mdhibiti wa serikali. Kinachofunguliwa ni uuzaji wa rejareja. Kampuni inanunua stima kwa jumla kutoka kwa wenye mitambo, inakuuzia wewe, kisha inakutumia bili. Waya ni ule ule na stima ni ile ile. Kwa hivyo mchezo wote unachezwa kwenye bei, mkataba na bili.

Sasa, ukiritimba wenyewe ulitoka wapi? Jina la kujua hapa ni Samuel Insull. Alizaliwa London, akawa karani wa Thomas Edison, halafu akaenda kuongoza kampuni ya stima Chicago. Mwaka 1898 aliwaambia wenzake wa sekta kitu cha kushangaza: tuwachiliwe tuuze peke yetu, lakini serikali ituwekee bei. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kujenga nyaya ni ghali, na kampuni mbili zikijenga mtaa mmoja, zote zinaumia. Mwaka 1907 majimbo ya Wisconsin na New York yakaunda tume za kudhibiti kampuni za stima, na mengine yakafuata. Mpango huo ndio uliotawala kwa miongo mingi: muuzaji mmoja, na tume inayoamua atalipisha ngapi.

Kuvunja huo mpango ndiko kulileta Texas kwenye hii stori. Mwaka 1999, gavana George W. Bush alitia saini sheria ya kufungua soko la rejareja, na tarehe 1 Januari 2002 wateja wa sehemu kubwa ya jimbo wakaanza kujichagulia muuzaji. Miji yenye mashirika yake ya umma, kama Austin na San Antonio, iliruhusiwa kubaki nje, na ikabaki.

Na hapa ndipo watu hukosea wakisema Texas "iliachilia" bei. Haikuziachilia siku hiyo. Kampuni zilizorithi wateja wa zamani ziliwekewa bei maalum ya mpito. Hazikuruhusiwa kuuza juu yake. Kwa muda hazikuruhusiwa hata kuuza chini yake, ndio wageni sokoni wapate nafasi ya kuwashinda. Bei hiyo iliweza kupandishwa gharama ya gesi ikipanda, na ilipanda. Kulikuwa pia na mfuko wa kuwapunguzia bili watu wa kipato cha chini, uliochangwa kupitia ada kwenye stima. Bei ya mpito ikaisha mwanzo wa 2007. Punguzo la watu wa chini nalo likaisha 2016. Ukiangalia vizuri, soko lilibaki na ulinzi ukawa unapungua.

Ulinzi mmoja uliobaki ni karatasi. Kila muuzaji Texas lazima atoe ukurasa wa maelezo unaoonyesha bei ya wastani kwa mtu anayetumia uniti 500, 1,000 na 2,000 kwa mwezi. Wazo zuri sana. Lakini wauzaji wengine wakasoma hiyo sheria vizuri kuliko wateja. Wakatengeneza mipango inayokupa punguzo kubwa ukifikisha uniti 1,000. Kwenye ukurasa, bei ya uniti 1,000 inang'aa. Tumia uniti 999 na punguzo linapotea lote, bili yako inakuwa kubwa kuliko ya jirani aliyetumia stima nyingi zaidi. Hakuna aliyedanganya mtu kisheria. Mteja aliambiwa achague, halafu akapewa mtihani wa hesabu.

Halafu ikaja Februari 2021. Baridi kali iliingia Texas, mitambo na mabomba ya gesi yakaganda, na zaidi ya nyumba milioni 4 zikakosa stima. Jimbo lenyewe lilihesabu vifo 246. Katikati ya hayo yote, tarehe 15, tume ya Texas iliagiza bei ya jumla ikae kwenye kikomo cha juu kabisa: dola 9,000 kwa megawati-saa. Hiyo ni dola 9 kwa uniti moja. Kwa pesa zetu za wakati huo, karibu Sh1,000 kwa uniti moja. Bei ilikaa huko juu kwa siku kadhaa.

Mteja mwenye mkataba wa bei isiyobadilika hakugongwa papo hapo. Lakini kulikuwa na kampuni ya Griddy. Yenyewe ilikulipisha dola 9.99 kwa mwezi, halafu unanunua stima kwa bei ya jumla, vile inavyopanda na kushuka. Siku za kawaida ilikuwa rahisi na watu waliipenda. Baridi ilipokaribia, Griddy yenyewe iliwaambia wateja wake wahame haraka. Wengi hawakupata wa kuwachukua. Pesa zikaanza kukatwa kwenye kadi zao zenyewe, na watu wakaamkia bili za maelfu ya dola kwa wiki moja. Griddy ikatolewa sokoni, ikafilisika mwezi wa tatu, na mwaka huo huo bunge la Texas likapiga marufuku kuuzia nyumba za watu mipango inayofuata bei ya jumla moja kwa moja.

Soma hiyo tena polepole. Sheria ilikuja baada ya watu kuumia. Na si wateja wa Griddy peke yao. Bunge liliruhusu sehemu ya madeni ya wiki ile ilipwe polepole kwa miaka kupitia bili, kwa hivyo hata aliyechagua mkataba salama anachangia.

Mtu ataniambia, "Hiyo ni Texas, wale ni watu wa soko huria." Sawa, twende Uingereza. Nyumba za huko zilianza kuchagua muuzaji kati ya 1998 na 1999. Mwaka 2002 mdhibiti wao, Ofgem, akaondoa udhibiti wa bei za rejareja, kwa imani kwamba ushindani utatosha. Kilichotokea ni kwamba wanaohama-hama walipata bei nzuri, na waliokaa kimya na muuzaji wao wa zamani wakalipa zaidi. Wa kwanza kurudishiwa kikomo cha bei, mwaka 2017, walikuwa watu wa mita za kulipia kabla. Yaani watu wa tokeni kama sisi. Tarehe 1 Januari 2019 kikomo kikafika kwa mamilioni ya wengine. Mwaka 2021 bei ya gesi iliporuka, zaidi ya wauzaji 20 walianguka. Ofgem ilihamisha wateja kwa kampuni zingine na salio zao zikalindwa, lakini gharama ya kufanya hivyo ikatupwa kwenye bili za kila mtu.

Sasa turudi nyumbani. Hapa tumekuwa na muuzaji mkuu mmoja tangu zamani za ukoloni. Kampuni za stima za Mombasa na Nairobi ziliunganishwa mwaka 1922, na mtoto wa ule muungano ndiye Kenya Power wa leo. Wengi hawajui kwamba Sheria ya Nishati ya 2019 tayari inaruhusu wengine kupewa leseni ya kusambaza na kuuza stima ya rejareja. Mlango uko, haujafunguliwa kabisa tu. Kwa hivyo maswali ya kuuliza ni ya sasa, si ya baadaye.

La kwanza: mwenye kutumia uniti kidogo atabebwa na nani? Leo anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi analipa bei ya chini, na hiyo inawezekana kwa sababu wateja wakubwa wanalipa zaidi. Muuzaji mpya akija, ataanza na viwanda, maduka makubwa na mitaa ya kifahari. Hao wakiondoka kwenye kapu moja, mama mboga mwenye balbu mbili na redio atabaki kwenye kapu la nani? Texas walikuwa na mfuko wa hiyo kazi, wakauacha ufe.

La pili: bili itasomeka? Hata leo, na muuzaji mmoja, ukinunua tokeni unakutana na gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, mfumuko wa bei, VAT na ushuru wa kupeleka stima mashambani. Ongeza mipango kumi ya kampuni tano, kila moja na punguzo lake la masharti. EPRA inafaa kuandika sheria ya bili kabla ya muuzaji wa pili kuingia, na ikataze ule ujanja wa uniti 999 mapema.

La tatu ni letu watu wa tokeni. Sisi tunalipa kwanza, stima inakuja baadaye. Muuzaji akianguka Jumatatu, na Jumapili nilinunua tokeni za Sh500, nani ananilipa? Kama jibu haliko kwenye sheria, basi jibu ni hakuna.

Mimi bado nataka ushindani. Ila nautaka uje na mdhibiti mwenye meno, na meno yaote kabla hatujaanza kuumwa. Wabunge wetu wakianza kuongea kuhusu leseni mpya za stima, waulizeni hayo maswali matatu kwa mpangilio huo.