Mwandiko wa Fundi Husomwa kwa Vidole

Kazi ya fundi mzuri ina mwandiko. Mpigie mpenzi wa dansi la zamani wimbo wa Mbaraka Mwinshehe ambao hajawahi kuusikia, na usimwambie ni wa nani. Gitaa likiingia tu, atakutajia jina. Nenda kijiweni panapochezwa bao, utakuta wazee wanaomjua mchezaji kwa namna anavyoilinda nyumba yake, hata kama mwenyewe kainuka kidogo kwenda kununua kahawa.

Hayo tumeyazoea. Leo nataka tuongelee mwandiko ambao hatuuzungumzii: wa mtu aliyebuni mchezo wenyewe. Yeye hayupo kijiweni. Pengine yuko Chicago, pengine alishafariki. Lakini ukicheza alichokibuni, vidole vyako vinamtambua. Mfano wangu ni pinboli.

Najua umeguna. Pinboli na Moshi wapi na wapi? Subiri kidogo, ndugu msomaji. Kama uliwahi kukaa mbele ya kompyuta yenye Windows XP, basi pinboli unaijua. Ilikuwa humo humo kwenye orodha ya michezo, jirani na karata, ikiitwa Space Cadet. Pale mjini, kwenye intaneti kafe na vibanda vya kuchapa barua na kutoa fotokopi, ndiyo iliyokuwa dawa ya kusubiri. Ukurasa unagoma kufunguka, wewe unapiga gololi. Umeme ukikatika, pointi zako zote zinakwenda na maji. Mimi nilikuta XP ikiwa tayari mzee, lakini bado inapumua, na mchezo ule ulikuwa bado na foleni.

Space Cadet ilitengenezwa na Cinematronics, kampuni ndogo ya Austin, Texas. Ilitoka mwaka 1995 katika kifurushi cha nyongeza cha Windows 95, na Dave Plummer wa Microsoft ndiye aliyeihamishia Windows NT. XP ya mwaka 2001 ilikuwa ya mwisho kuja nayo. Vista ilipofika, gololi haikuwemo.

Kwa asiyeijua, mchezo wenyewe ni huu. Kuna meza iliyoinama kidogo kuelekea kwako, yaani nyuzi kama sita na nusu kwa mashine za siku hizi. Gololi ya chuma inarushwa juu, halafu inateremka yenyewe. Njiani kuna bampa zinazoirusha huku na huku, kuna mashimo, na kuna njia za mwinuko zinazoipandisha na kuizungusha. Chini kuna vibao viwili, kushoto na kulia, unavyovichapa kwa vitufe ili gololi isipotelee katikati. Basi. Mteremko unaivuta, wewe unabishana nao.

Tatizo la Space Cadet ni kwamba ilikuwa meza moja tu. Mchezo kamili uliouzwa madukani Marekani, Full Tilt! Pinball, ulikuwa na meza tatu. Sisi tulipewa moja. Na huwezi kuujua mwandiko wa mtu kwa barua moja. Unahitaji ya pili, ya tatu, na za mtu mwingine ili ulinganishe. Ile ilitufundisha alfabeti.

Barua nyingine zilikuja kwa simu. Tangu mwaka 2018 kampuni ya Zen Studios ya Hungary imekuwa ikitoa nakala za kidijitali za meza za Williams, kiwanda cha Chicago kilichoacha kutengeneza pinboli mwaka 1999. Uzito wa gololi kwenye kioo cha simu si ule wa chuma, sawa. Lakini mpangilio ni ule ule: kibao kiko pale pale, njia ina pembe ile ile. Na mpangilio ndio mwandiko.

Nilianza na The Getaway: High Speed II ya mwaka 1992. Mchezo wa gari linalokimbizwa na polisi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba ukipiga sawa huadhibiwi kwa kusubiri. Gololi inapanda, inazunguka, inarudi mpaka kwenye kibao chako ikiwa na kasi, tayari kwa pigo jingine. Kitu cha pili ni kibao cha tatu, juu upande wa kulia, kinachopiga njia ya mwinuko wakati gololi inapita mbele yake. Huna muda wa kuwaza. Ni kama bodaboda inayoshuka kutoka Kibosho bila kugusa breki: ukisita, umeanguka.

Baadaye nikahamia Star Trek: The Next Generation ya mwaka 1993. Picha nyingine, sauti nyingine, hakuna gari wala polisi. Lakini pigo la tatu tu, mkono ukakumbuka. Kibao cha tatu kiko juu kulia. Gololi inapita, unaichapa, inapanda, inarudi kwa kasi. Nikasema moyoni, huyu ni yule yule. Ndipo nikatafuta jina, na kweli meza zote mbili ni za Steve Ritchie.

Ritchie alizaliwa mwaka 1950, akaanzia Atari, kisha akahamia Williams. Flash ya mwaka 1979 ni yake, na Black Knight ya mwaka 1980 yenye meza ya ghorofa mbili ni yake. High Speed ya kwanza, mwaka 1986, ilitokana na tukio lake mwenyewe la kufukuzwa na polisi akiwa kwenye Porsche. Mwaka 2023, akiwa na umri unaozidi miaka 70, alitoa meza ya Elton John akiwa na kampuni ya Jersey Jack. Kampuni zimebadilika, kasi imebaki.

Sasa mlete Pat Lawlor. Funhouse ya mwaka 1990, The Addams Family ya 1992, Twilight Zone ya 1993. Cheza Funhouse: kuna kichwa cha mdoli kinaitwa Rudy, kinakutazama, macho yanaifuata gololi, na kinakusema. Unasogeza saa ya mchezo mpaka karibu na usiku wa manane, Rudy anasinzia, anaacha mdomo wazi, ndipo unampachika gololi mdomoni. Kwenye Addams kuna mkono unaotoka ndani ya kisanduku na kuinyakua gololi. Twilight Zone ina mashine ya peremende inayohifadhi gololi na kuitoa, na mojawapo ya gololi zake ni ya kauri, nyepesi, isiyonaswa na sumaku.

Kwa Lawlor gololi inasimama. Inaingia shimoni, unapewa kazi ya kufanya, inatoka, unaituliza kwenye kibao, unapima. Vibao vya ziada viko vingi, Addams ina vinne, na vya juu hupiga mapigo ya kukata meza upande kwa upande. Ritchie anakuuliza kama una kasi. Lawlor anakuuliza kama una subira. Kucheza meza yake ni kama kununua mashuka ya mtumba soko la Mbuyuni: unagusa, unaacha, unazunguka, unarudi, na bei unaipata ukiwa umetulia.

Mtu mbishi ataniambia: hizo ni tofauti za programu tu, za sauti na pointi. Hapana. Programu ya High Speed ya Ritchie iliandikwa na Larry DeMar. Programu za Funhouse na Addams za Lawlor pia zina mkono wa Larry DeMar. Mwandishi wa programu ni huyo huyo, kiwanda ni hicho hicho, lakini vidole vinakataa kuzichanganya. Kinachobaki ni umbo: kibao kimewekwa wapi, na gololi ikipigwa sawa inarudi wapi. Ukitaka kujaribu mwenyewe, anza na maswali hayo mawili. La tatu ni hili: mbunifu anakupa pumzi lini?

Lakini maswali haya yasingekuwa na maana miaka mia iliyopita, na hapa ndipo historia inapoingia. Pinboli ya awali haikuwa na vibao. Unarusha gololi, unabaki kutazama. Ilikuwa karibu na kamari, na mwaka 1942 jiji la New York likaipiga marufuku, mashine zikavunjwa kwa nyundo. Vibao vilikuja mwaka 1947 katika Humpty Dumpty, iliyobuniwa na Harry Mabs wa kampuni ya Gottlieb. Ile ilikuwa navyo sita. Mwaka uliofuata Steve Kordek wa kampuni ya Genco akatengeneza Triple Action akavipunguza vikabaki viwili tu, chini ya meza. Kordek alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 100. Vibao viwili vya chini vya Space Cadet, vile vilivyotuchosha vidole Moshi, vinatoka kwenye uamuzi huo. Wangapi kati yetu walijua jina lake?

Marufuku ya New York iliondolewa mwaka 1976, baada ya mwandishi wa habari (naam, mwenzetu!) aitwaye Roger Sharpe kucheza mbele ya madiwani. Alisema kabla ya kurusha gololi itapita njia gani, akairusha, ikapita. Alithibitisha kwamba mchezaji ana ustadi. Mimi naongeza kwamba alithibitisha kitu cha pili: kama mchezaji anaweza kuisoma meza, basi kuna aliyeiandika. Bahati haina mwandiko.

Hata hivyo kwa miongo mingi mashine zilibeba kwa herufi kubwa jina la kampuni, jina la fundi likabaki kiwandani. Wachezaji ndio waliolidai. Waligundua kwa vidole kwamba meza fulani na fulani ni ndugu, wakauliza baba yao ni nani, mpaka jina la mbunifu likawa sababu ya mtu kununua mashine. Sisi waandishi wa magazeti tunalielewa hili vizuri. Habari ikitoka bila jina lako juu yake, chai haipiti.

Kinachoniuma ni cha nyumbani. Mlima wetu ulikuwa na watu wanaosoma mteremko karne nyingi kabla ya Williams. Naongelea mifongo, ile mifereji ya Wachagga inayochukua maji kwenye korongo juu huko na kuyaleta kwenye migomba na kahawa. Harry Johnston, Mwingereza aliyefika kwa Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1884, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1886. Fikiria kazi yenyewe. Huna kipimo cha kioo, huna ramani. Una macho, jembe, mawe na magogo yaliyochimbwa katikati ya kupitishia maji penye bonde. Ukiinamisha mno, maji yanakimbia na kubomoa kingo. Ukilaza mno, yanasimama na tope linajaa. Fundi wa mfongo na fundi wa pinboli wanajibu swali moja: kitu kinachotaka kushuka, nikipitishe wapi ili kifike ninapotaka?

Na mlimani jina lilikuwa na heshima. Mfongo ulihusishwa na aliyeuasisi na ukoo wake, na ukoo huo ulikuwa na sauti katika zamu za maji na katika kuwaita watu kuuzibua. Yaani wazee wetu walikuwa na utaratibu wa kumtambua mbunifu kabla kiwanda cha Chicago hakijajengwa. Leo mifongo mingine imekauka, mingine imekufa baada ya mabomba kufika, na wanaojua nani alipima kona ipi wanazidi kupungua. Mfongo ukifa, jina nalo linakwenda.

Vijana wa Moshi na Dar wanaotengeneza michezo ya simu sasa hivi wapo, nimewaona wakihangaika na kompyuta zao. Wengi wanachora mchezo, wanaukabidhi kwa mwenye pesa, unatoka kwa jina la kampuni. Nawaambia kitu kimoja: andikeni majina yenu ndani yake. Na sisi wachezaji tuache kucheza kama watu wanaoua muda. Ukikuta michezo miwili inafanana mkononi, uliza ni ya nani.

Ukienda kijijini mwezi Desemba, kabla ya kisusio hakijaiva, mshike mzee mmoja mtembee naye kando ya mfongo. Maji yanapokata kona bila kumwagika, simama hapo umuulize: hapa alipima nani? Jina atakalokutajia, liandike.