Kula Hotelini Dar es Salaam: Je, Bado Kuna Faida?



Katika kikao cha mwisho cha tawi letu la Dar es Salaam lilizuka jambo dogo likatugawa. Mwenzetu mmoja alipendekeza kwamba chakula cha jioni cha mkutano wetu ujao kiliwe katika hoteli moja kubwa ya ufukweni, mchango ukiwa shilingi 85,000 kwa kila mtu. Mwenzetu mwingine, ambaye ni mstaafu, akasimama akauliza kwa upole: "Hivi siku hizi kula hotelini bado kuna faida gani?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kikao kikafungwa bila uamuzi, na mimi, kwa kuwa nimefundisha historia miaka mingi, nikaombwa niandike machache katika gazeti letu.

Nimekubali, maana swali lile ni la historia kuliko linavyoonekana. Tukitaka kujua kama kula hotelini kuna faida, yatupasa kwanza tujue kwa nini watu wa Dar es Salaam walianza kula nje ya nyumba zao, na nani aliyewapikia.

Meza tatu katika mji mmoja

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kwa Mswahili, hoteli si lazima iwe na vitanda. Penye meza, benchi, sufuria ya wali na birika la chai, hapo ni hoteli. Mwenye kwenda "kula hotelini" aweza kuwa anakwenda kwenye jumba la ghorofa nane, au kwenye kibanda cha mabati nyuma ya gereji. Tofauti ya hoteli hizi mbili ndiyo historia ya mji wetu.

Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mwaka 1906 palifunguliwa karibu na bandari hoteli iliyoitwa Kaiserhof, ambayo baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916 ilikuja kujulikana kama New Africa. Hiyo ilikuwa meza ya watawala. Mwafrika aliyeingia humo aliingia kama mpishi, mwoshaji wa vyombo au mtumishi wa mezani.

Waingereza nao waliendeleza desturi ya kuugawa mji kwa aina za majengo, na watu wakazipa sehemu hizo majina yanayosema kweli yote: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kila sehemu ilikuwa na meza yake. Uzunguni palikuwa na vitambaa vyeupe na uma wa fedha. Uhindini palikuwa na chai ya maziwa, sambusa na bajia. Uswahilini, hasa Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, watu walikula barazani na pembeni mwa njia: mihogo, samaki wa kukaanga, vitumbua, na kahawa chungu iliyomiminwa kutoka kwenye dele.

Tuzingatie jambo moja hapa. Makuli wa bandarini na vibarua wa mjini hawakula nje kwa anasa. Wengi wao walikuja peke yao kutafuta mshahara na fedha ya kodi, wakapanga vyumba wanaume wanne au watano pamoja, mke na jiko vikabaki kijijini. Kula nje kulianza kwa sababu ya kukosa jiko. Kwa hiyo bei ya chakula ilikuwa suala la uhai kwao, na malalamiko juu ya ugumu wa maisha ndiyo yaliyowasha mgomo wa makuli wa Dar es Salaam wa Septemba 1947, uliosambaa hadi sehemu nyingine za Tanganyika.

Baada ya Uhuru mwaka 1961 mlango wa meza ya kwanza ulifunguliwa. Hoteli ya Kilimanjaro ilianza kazi mwaka 1965, na kwa mara ya kwanza mwananchi mwenye fedha aliweza kukaa pale, akaitazama bandari na kuagiza chakula pasipo kuulizwa rangi yake. Lilikuwa jambo la fahari, nami siwacheki wazee waliopigia picha pale siku ya ndoa zao. Lakini sharti lilibaki lile neno moja: mwenye fedha.

Miaka ya foleni

Nilipangiwa kazi ya ualimu Dar es Salaam mwaka 1982. Vijana wa leo huenda wasielewe mji ulivyokuwa. Ukame wa katikati ya miaka ya 1970, kupanda kwa bei ya mafuta duniani, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 hadi 1979 vilikuwa vimeiacha nchi mikono mitupu. Sembe, sukari, sabuni na mafuta ya kula vilipatikana kwa foleni, na mara nyingi foleni iliisha kwa mwenye duka kufunga mlango. Mshahara ulikuwapo, ila hapakuwa na cha kununua. Hata mwaka 1984, kima cha chini kilipopandishwa kufika shilingi 810 kwa mwezi, bei zilikuwa zimekwisha tangulia mbele.

Mimi na walimu wenzangu watatu, mmoja wao akiwa wa shule yetu hii hii, tulikuwa makapera. Hatukuwa na kadi ya kaya wala mtu wa kutupangia foleni. Aliyetuokoa alikuwa mama mmoja aliyepika chini ya mwembe, si mbali na Kariakoo. Alikuwa na mafiga matatu, sufuria mbili na mabenchi ya mbao za makasha. Jina lake hatukulijua; sisi tulimwita Mama tu. Alitupa ugali na maharage, na siku njema wali na dagaa. Hakujua kuandika, hivyo madeni yetu aliyaweka kwa mistari ya mkaa juu ya ubao: kila mlo mstari mmoja, kila mtu safu yake. Mwisho wa mwezi tulilipa, naye alifuta kwa kitambaa chenye maji mbele ya macho yetu.

Je, alipata wapi unga ambao haukuwamo madukani? Sehemu aliletewa na ndugu zake kutoka mashambani, na sehemu, naamini, alinunua kwa njia ambayo serikali iliita ulanguzi. Sisi walimu asubuhi tulifundisha ubaya wa ulanguzi, na saa saba mchana tulikuwa mbioni kuelekea kwenye mwembe. Mwanahistoria hana budi kuyaandika yote mawili.

Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi, iliyotaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika. Nia yake iliyotangazwa ilikuwa kuondoa uzururaji na kuongeza uzalishaji mashambani. Lakini mjini ilileta misako, na wengi waliokamatwa walikuwa wafanya biashara ndogo ndogo, wapishi wa njiani wakiwamo, kana kwamba kupika toka alfajiri hadi alasiri si kazi.

Siku moja mwishoni mwa mwaka ule tulifika chini ya mwembe tukakuta mafiga na majivu. Mtu mmoja alituambia amekamatwa. Mwingine alisema amerudi kwao Rufiji kabla ya kukamatwa. Hatukumwona tena. Nilikuwa na mistari tisa juu ya ubao ule. Dawa ya deni ni kulipa, lakini aliyenidai hayupo, na mpaka leo milo ile tisa naidaiwa.

Kutoka mama ntilie hadi mama lishe

Mambo yaligeuka upesi kuliko tulivyodhani. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje, na mwaka huo huo ikaondoa ruzuku ya sembe. Bidhaa zikarudi madukani, ila kwa bei ambayo mshahara haukuiweza. Mume peke yake hakuweza tena kulisha nyumba. Wanawake wengi, wake za watumishi wakiwamo, wakatoka na sufuria zao. Hapo ndipo jina la mama ntilie lilipoenea kila kona. Asili yake ni ombi la mteja mwenye njaa anayenyoosha sahani: "Mama, nitilie!" Baadaye watu wakaona jina hilo lina dharau kidogo, wakaanza kusema mama lishe, na wanaume walioshika mwiko wakaitwa baba lishe.

Tangu hapo wamefukuzwa na kurudishwa mara nyingi. Kipindupindu kilipozuka jijini Agosti 2015, wauza chakula wa njiani walikuwa wa kwanza kunyooshewa kidole. Mwishoni mwa mwaka 2018 wafanya biashara wadogo walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, wakaambiwa wasibughudhiwe. Mwaka 2021 wakaja kuhamishwa kutoka kando za barabara na kupelekwa katika maeneo yaliyotengwa. Sisemi kwamba kila hatua ilikuwa kosa: njia za waenda kwa miguu ni za watu wote, na maji machafu huua. Nasema tu kwamba mji umekuwa ukiwafukuza kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukinyoosha sahani.

Hesabu ya leo

Sasa turudi kwenye swali la mstaafu wetu. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta Dar es Salaam na watu kama 270,000. Ile ya mwaka 2022 ilikuta 5,383,728. Anayeishi Chanika au Mbagala na kufanya kazi Posta hutoka nyumbani kabla ya mapambazuko. Hawezi kurudi kula mchana. Hivyo sababu ya makuli wa zamani ingalipo: jiko liko mbali na kazi.

Chukueni pia hesabu ya moto. Mtu mmoja akitaka kuchemsha maharage yake nyumbani, mkaa au gesi atakayotumia aweza kumgharimu karibu sawa na maharage yenyewe. Mama lishe huwasha moto mmoja kwa sahani hamsini. Ndiyo maana majuzi nilikula wali, maharage na mchicha karibu na Kariakoo kwa shilingi 3,000, na nilipopiga hesabu nikaona nisingeweza kujipikia mwenyewe kwa bei hiyo. Hapo jibu langu ni wazi: faida ipo, mradi maji ya kunawa yawepo na chakula kiwe cha moto.

Hoteli kubwa ina hesabu nyingine. Ndani ya bei ya sahani yake mna kodi ya pango, umeme wa viyoyozi, mishahara ya walinzi na wahudumu, na kodi ya serikali. Si wizi, ni gharama za mahali. Anayempeleka mkewe pale mara moja kwa mwaka, au anayekutana na mgeni wa kazi, ananunua utulivu na heshima, na kama anaimudu ni haki yake. Asijidanganye tu kwamba amelipia chakula.

Shauri langu

Kwa mkutano wetu, hata hivyo, swali si ladha wala bei peke yake. Katika mkutano wa mwaka juzi, tuliofanya hotelini, wenzetu watano walituma udhuru wa ugonjwa. Baadaye wawili kati yao waliniambia kwa siri kwamba hawakuugua. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akinisaidia hesabu kidato cha pili.

Kumbukeni bwalo letu. Mtoto wa bwana shauri na mtoto wa mkulima walipanga mstari mmoja, wakapewa makande yale yale, wakachambua wadudu wale wale. Hapakuwa na aliyebaki bwenini kwa kukosa mchango. Sisi tuliokula hivyo miaka minne tukijiwekea meza ambayo wenzetu hawawezi kuifikia, tutakuwa tumeurudisha mji wa meza tatu kwa mikono yetu.

Kwa hiyo napendekeza tukodi uwanja wenye kivuli na vyoo safi, tuwaalike mama lishe watatu au wanne watupikie pilau, ndizi na samaki, kila mwenzetu achange alicho nacho na daftari la michango lisisomwe hadharani. Wapishi tuwalipe fedha taslimu kabla hawajawasha moto, wala tusiwaombe watuandikie.

Fedha ya wali nitaitoa mimi, sahani tisa za kwanza. Najua hazitamfikia yule wa chini ya mwembe. Lakini nimechoka kuwa na deni, na mahali pengine pa kulilipia sipajui.