Shule na Thamani ya Ardhi Katika Pwani Yetu

Mtu atakaye kununua kiwanja huuliza kwanza habari za maji na njia. Akiwa na watoto, huongeza swali la tatu: shule iko wapi, nayo yafundisha vema? Jibu la swali hilo huingia katika bei. Katika Bagamoyo jambo hili lina historia yake, nasi wa Makurunge, kaskazini ya mji huo, yatupasa kuijua, maana ardhi yetu nayo yaulizwa bei.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakiongozwa na Padri Antoine Horner. Waliwakomboa watoto katika utumwa, wakawafundisha kusoma, kazi za mikono na kulima. Vijana hao walipooana walipewa nyumba na shamba dogo katika kijiji cha Wakristo kando ya misheni. Hivyo shule ilitangulia, kijiji kikafuata. Nyumba zile hazikuuzwa kwa fedha, lakini tusidhani ya kuwa zilikuwa za bure. Wakaaji walilipa kwa kazi katika mashamba ya misheni na kwa kuzishika amri zake. Wengine waliona mzigo huo kuwa mzito, wakaondoka. Basi tangu mwanzo, kukaa karibu na shule kulikuwa na gharama yake.

Mwaka 1896 tajiri wa Kihindi, Sewa Haji, alitoa jengo la ghorofa liwe shule ya watoto wa kila taifa. Mtu angedhani ya kuwa mji wenye shule za namna hiyo ungezidi kupanda thamani. Haikuwa hivyo. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuhamisha makao makuu ya serikali yao kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, na biashara ikaifuata bandari yenye kina. Nyumba nyingi za mawe za Bagamoyo zikawa magofu. Hapo twajifunza ya kuwa shule peke yake haiinui bei ya nyumba, kama hapana kazi wala njia. Mbolea haioteshi mbegu mahali pasipo mvua.

Baada ya uhuru, sheria nayo iliizuia shule isionekane katika bei. Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1958 ya kuwa ardhi ni kipaji cha Mungu kwa watu wote, wala haifai kuwa bidhaa. Kilicho haki ya mtu ni kazi aliyoitia katika ardhi. Kwa hiyo mtu aliyehamishwa na serikali alihesabiwa nyumba yake na miti yake, lakini ardhi tupu haikuhesabiwa kitu, hata kama ilipakana na shule njema. Mambo yalibadilika kwa Sera ya Ardhi ya mwaka 1995, na kwa Sheria namba 4 na namba 5 za mwaka 1999, zilizokiri ya kuwa ardhi yenyewe ina thamani.

Na tuangalie mbali kidogo. Mwaka 1999 mtaalamu wa uchumi Sandra Black alitoa uchunguzi wake wa nyumba za Massachusetts, katika Marekani. Alilinganisha nyumba zilizo karibu, ila mpaka wa shule umepita kati yao. Aliona ya kuwa shule ikizidi nyingine kwa asilimia 5 katika mitihani, wazazi hulipa asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba. Tena huko sehemu kubwa ya fedha za shule hutoka katika kodi ya nyumba za mahali hapo. Basi nyumba ghali huleta fedha shuleni, na shule njema huzidisha bei ya nyumba. Maskini hubaki nje ya mzunguko huo.

Kwetu mzunguko huo hauko, maana mishahara ya walimu wa serikali hutoka katika hazina ya taifa, na tangu mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali imeondolewa. Lakini tupambanue jambo moja. Shule ya bweni hupokea watoto wa mbali, na jirani yake huenda asipate nafasi hata moja. Humfaa kwa kuuza samaki na mboga. Shule ya kutwa ndiyo inayoipa nyumba thamani, kwa sababu mtoto huenda kwa miguu asubuhi na kurudi jioni.

Hapa ndipo penye hatari. Wenyeji huchanga mawe na mchanga, hutoa siku zao za kazi, darasa likasimama. Kisha mgeni huja na fedha, na mwenyeji humwuzia kiwanja kilicho jirani kwa bei ya pori. Fedha huisha kabla ya masika mawili, na wajukuu wa wale waliojenga ndio watembeao mbali kupita wote. Hatumlaumu mgeni, maana ametafuta mema kwa wanawe. Twasikitika kwa mwenyeji asiyejua alichokuwa nacho.

Kwa hiyo, enyi wazazi, kabla ya kuuza, wekeni hesabu ya shule pamoja na hesabu ya miembe na minazi. Chukueni hatimiliki ya kimila kutoka halmashauri ya kijiji, mume na mke wote wawili wakiandikwa. Ulizaneni nyumbani, na watoto wawepo. Esau aliiuza haki yake ya uzaliwa wa kwanza kwa chakula cha siku moja. Njaa yake ilikuwa ya kweli, lakini bei ilikuwa ndogo mno.